Tabu wa Matar, Tabu ya Matar

Mwanamke anayefua kanzu ya mumewe bila kupekua mifuko hujitakia mwenyewe. Hamdiya alilijua hilo tangu siku alipoolewa, lakini asubuhi ile maji ya bomba yalikuwa yametoka ghafla, Temeke nzima ikawa inakinga, naye akatumbukiza nguo kwenye beseni kama mtu anayekimbizwa. Kanzu ilikuwa imekwisha kulowa mkono wake ulipogusa kitu mfukoni. Akakitoa. Ilikuwa pakiti ya karatasi ya kaki, na ndani yake unga wa rangi ya udongo ulioanza kugeuka uji. Maandishi madogo yote yalikuwa yamefutwa na maji. Yaliyobaki ni yale makubwa ya juu, yaliyoandikwa kwa wino usiosikia sabuni: NGUVU ZA KIUME.

Hamdiya akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maneno yenyewe hayakumshtua, maana alikuwa mtu mzima, bibi wa wajukuu. Kilichomshtua ni kwamba nguvu zilikuwa zinanunuliwa na yeye hakuwa ameziona. Tangu Idi Matar alikuwa analala sebuleni, kwenye godoro la wageni, kwa kisingizio cha joto. Joto gani mwezi wa saba, watu wanajifunika blanketi? Basi kama nguvu zipo na chumbani hazifiki, zinakwenda wapi?

Jibu halikumchukua muda. Mtaani pale palikuwa na duka moja tu linalofunga unga kwa karatasi ya kaki, nalo lilikuwa la Tabu. Tabu aliuza hina, habasoda, viungo vya chai na mizizi ya kila namna. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtalaka, mwenye cheko linalosikika mpaka kituo cha bajaji na madera ya rangi ambazo watu wengine huziogopa. Duka lake lilikuwa na mlango wa mbele kwa wanawake wa hina na mlango wa nyuma kwa wanaume ambao hawakutaka kuonekana. Na Matar alikuwa ameonekana. Jirani mmoja alimwona, akamwambia Hamdiya kwa nia njema, kama majirani wanavyofanya.

"Anauza nguvu," Hamdiya akaiambia kanzu, "halafu anazitumia mwenyewe."

Akaikamua kanzu ile mpaka mshono wa bega ukaachia.

Sasa tumwache Hamdiya na hasira zake, tumtazame Matar, maana msomaji hana sababu ya kudanganywa kama mkewe. Matar alikuwa na duka la masufuria na vyombo vya plastiki Tandika, alilorithi kwa babake, na katika duka hilo alikaa juu ya kiti cha mbao tangu asubuhi mpaka magharibi. Ugonjwa ulimkolea hapo hapo kwenye kiti. Kwanza ulikuwa uzito tu, chini ya kitovu, kule ambako mtu hapataji mbele ya watu. Ukawa moto. Akikaa unamchoma, akisimama unamvuta mapaja, akienda haja ndogo anasimama chooni mpaka anayesubiri nje anagonga na kuuliza kama mna mtu au maiti. Usiku aliamka, akajikamua matone, akarudi, akaamka tena. Ndiyo maana akahamia sebuleni, karibu na choo, ili mkewe asimsikie akiugulia. Na lile jambo la mume na mke nalo lilikuwa likimwachia maumivu ya siku mbili, kwa hiyo akaliacha.

Alianza kwa kwenda duka la dawa, akasema ana rafiki yake anaumwa. Muuzaji akamtazama anavyosimama kwa miguu iliyotanuka, akampa vidonge vya rafiki yake. Matar akavimeza mpaka alipopata nafuu, vilivyobaki akaviweka akiba, maana mfanyabiashara hatupi mali. Maumivu yakarudi. Akanunua vingine, nusu. Yakarudi tena. Ndipo akaingia kwa Tabu, mlango wa nyuma.

Tabu alimpa unga wake, lakini hakumwonea haya. "Bwana Matar," alimwambia, "mie nauza mizizi, siuzi macho ya kuona ndani ya mtu. Hii itakupoza. Lakini nenda hospitali ukapime, na mkeo umwambie."

Mambo yote mawili Matar aliyaogopa. Hospitali aliiogopa kwa sababu alikuwa amesikia habari za kidole, kile daktari anachopimia kwa nyuma. Mkewe alimwogopa zaidi.

*

Hamdiya alingoja mpaka baada ya Alasiri, mumewe aliporudi mapema na kusimama uani akinywa chai. Siku hizi chai yake aliinywa wima.

"Matar."

"Naam."

"Nataka uniambie mwenyewe kabla sijaambiwa na watu zaidi. Una nini?"

Matar akatazama ndani ya kikombe. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa miezi yote yalimtoroka, yakabaki mawili tu, ya mwisho kabisa, ya aibu.

"Mke wangu," akasema taratibu, "nina tabu."

Sasa herufi kubwa haina sauti. Mtu anaweza kuiandika, hawezi kuisikia. Hamdiya, ambaye kichwani mwake tangu asubuhi lilikuwa linazunguka jina moja tu, alisikia alichokuwa anakingojea.

"Nilijua," akasema.

Matar akashtuka. "Ulijua?"

"Mtaa mzima unajua!"

Chai ikammwagikia Matar mkononi. Mtaa mzima! Akafikiria wateja wake, wazee wa msikitini, na yule muuza kahawa anayemwuliza kila siku kwa nini hakai.

"Nilikuwa naona haya kukwambia," akasema.

"Haya! Leo ndiyo unaona haya?"

"Hamdiya, sikulitaka mie jambo hili. Umri tu. Wanaume wengi wa rika langu yanawakuta, hawasemi tu."

"Yanawakuta!" Hamdiya akacheka cheko lisilo na furaha hata chembe. "Yaani mnakaa tu, yanakuja, yanawakuta!"

"Sasa ningefanyaje? Nilidhani yatapita yenyewe, usijue."

Kwa mwanamke aliyeishi na mume wake miaka yote ile, akamzalia, akamfulia, akamuuguza mama mkwe kwa mikono yake, maneno hayo yalikuwa kofi. Hakupiga kelele. Aliweka chini birika na kusema kwamba anamwita kaka Abdulhadi aje Jumapili, na mjumbe pia, na baada ya hapo atakwenda zake Kurasini kwa kakake, na Matar abaki na huyo… na hiyo aibu yake.

"Shemeji Abdulhadi wa nini?" Matar akalia. "Na mjumbe! Kwani lazima wajue?"

"Watajua," alisema Hamdiya, akaingia ndani kutafuta begi.

Matar akabaki uani na mkono uliochomwa na chai. Alijua ugonjwa ule unachukiza, lakini hakudhani mke wake angemwacha kwa ajili yake. Usiku ule hakujua kipi kinamuuma zaidi, kile cha chini au kile cha kifuani.

*

Kesho yake Hamdiya alivaa baibui jipya akaenda dukani kwa Tabu. Alichagua saa ambayo duka limejaa wanawake wanaopaka hina, kwa makusudi kabisa.

"Tabu!" aliita tangu mlangoni. "Mume wangu amekiri."

Uso wa Tabu ukang'aa kwa furaha ya kweli. "Amekiri? Alhamdulillahi! Nimemwambia mara ngapi, mweleze mkeo, mambo haya hayafichwi."

Wanawake wa hina wakasahau kupepea mikono yao. Hamdiya alikuwa amejiandaa kwa kukanusha, kwa matusi, hata kwa kuvutana mitandio. Kwa hili hakujiandaa.

"Wewe ndiye uliyemtuma aniambie?"

"Mie. Nikamwambia mke ndiye wa kukusaidia, mie nitakupoza tu. Nikamwambia, mficha uchi hazai."

"Uchi!" Hamdiya akawageukia mashahidi. "Mnamsikia? Anautaja na uchi mbele zenu!"

Yaliyofuata yalisikika mpaka kituo cha bajaji, na safari hii halikuwa cheko. Hamdiya alimwita Tabu mwizi wa waume, mchawi wa mizizi, na jina lingine ambalo nikiliandika hapa karatasi itaona haya. Katikati ya matusi hayo Tabu akafahamu. Akafumbua kinywa. Sentensi moja tu ilitosha kumsafisha: mumeo anaumwa, haja ndogo inampa shida, ananunua dawa. Aliitazama hadhira yake, wale wanawake wenye masikio yaliyosimama, akafikiria Matar akipita mbele yao kesho. Akakifumba kinywa.

"Bi Hamdiya," akasema, "mtu anayeingia kwangu siri yake haitoki kwa mdomo wangu. Kamuulize tena mumeo. Muulize vizuri."

"Nimemuuliza! Kanitajia na jina!"

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, wengine hina haijakauka. Siku zilizofuata hawakurudi. Mlango wa mbele wa Tabu ukawa wa kuingiza upepo.

*

Jumapili, Abdulhadi alifika kutoka Kurasini akiwa amevaa koti. Alikuwa wakala wa forodha, mtu aliyezoea kuuliza kontena lina nini ndani mpaka liseme lenyewe. Pamoja naye aliketi mjumbe wa mtaa, Mwalimu Theonest, mzee wa Bukoba aliyestaafu baada ya kufundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote, na ambaye hata matangazo ya misiba aliyasikiliza huku akisahihisha. Hamdiya alikaa pembeni, begi miguuni. Matar alisimama.

"Kaa, shemeji," alisema Abdulhadi.

"Nikikaa naumia."

"Hiyo ni dhamiri," alisema Abdulhadi. "Haya, sie si watoto. Dada yangu ametueleza. Wewe mwenyewe umekiri kwamba una Tabu?"

"Nimekiri," Matar akasema. "Sikujua kama ni jambo la kuitiwa kikao."

"Si la kuitiwa kikao! Yalianza lini?"

"Karibu na Idi. Kwanza yalikuwa usiku usiku tu. Baadaye hata mchana, dukani."

"Hata dukani?" Hamdiya akashika kichwa.

"Hata dukani, Hamdiya. Tena kile kiti cha mbao ndicho kilichozidisha."

"Kwenye kiti! Astaghfirullah!" Abdulhadi akajifuta paji la uso. "Na wateja je?"

"Nawaacha. Nitafanyaje? Yakinishika namwacha mteja na sufuria mkononi, nakimbilia nyuma. Dakika mbili tatu, narudi. Sijakaa sawasawa, nataka tena."

"Kwa siku mara ngapi?"

"Siku mbaya, hata mara kumi."

Abdulhadi alimtazama shemeji yake, mtu mwenye mvi na tumbo, kwa macho mapya. "Mara kumi," akasema, na katika sauti yake, Mungu amsamehe, palikuwa na heshima kidogo.

"Kaka!" Hamdiya akafoka.

"Ndiyo, ndiyo. Ni vibaya sana." Abdulhadi akakohoa. "Sikiliza, shemeji. Swali ni moja. Uko tayari kuachana na Tabu?"

Matar hakuvumilia tena. Machozi yakamjaa. "Jamani, nani asiyetaka kuachana nayo? Nimehangaika nayo peke yangu, nimeinywea kila dawa, haiondoki! Mnadhani naipenda?"

Abdulhadi alikuwa anafungua kinywa kwa swali lingine, lakini Mwalimu Theonest aliinua kidole, kile kile alichokuwa akikiinua darasani.

"Samahani. Umesema nayo."

"Ndiyo."

"Haiondoki. Naipenda. Umesema hivyo?"

"Nimesema hivyo, Mwalimu. Kwani nimekosea nini?"

"Ningependa kujua, Bwana Matar," alisema Mwalimu Theonest, akiegemea mbele kama mtu aliyengojea swali hili tangu astaafu, "hii tabu yako ni ya ngeli gani?"

"Mwalimu, si wakati wa shule huu," alisema Abdulhadi.

"Ndio wakati wenyewe. Angekuwa Tabu binadamu, angesema kuachana naye. Haondoki. Nampenda. Mtu hata akizini hapotezi upatanisho wa sarufi. Mzee huyu hazungumzii mtu. Anazungumzia kitu."

Wote wakamgeukia Matar. Matar akawatazama mmoja mmoja, na mwisho macho yake yakatua kwenye begi la mkewe. Pole pole, kama taa inayowaka umeme ukiwa mdogo, alifahamu walichokuwa wakizungumza tangu mwanzo.

"Tabu yule wa dukani?" akauliza. "Mie na Tabu? Hamdiya, nanunua dawa kwake! Ninaumwa. Huku. Mkojo. Tezi dume, sijui. Nimekwambia nina tabu, nina shida, nina maradhi!"

Aliyecheka kwanza alikuwa Hamdiya. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka, akacheka akiwa ameinama juu ya begi, na hakuna aliyetambua ni wakati gani cheko liligeuka kilio. Akalia kwa sauti. Alilia kwa sababu mwanamume huyu alikuwa amelala sakafuni akiugua, ukuta mmoja tu kati yao, na yeye upande wa pili alikuwa anamwapiza.

"Kwa nini hukusema maneno yote?" aliuliza. "Kwa nini uliishia kwenye tabu?"

Matar akatazama sakafu. "Afadhali mngebaki na ile ya mwanzo," akasema kwa sauti ndogo. "Mzinzi watu wanamtukana, lakini bado wanamhesabu mwanamume."

Halafu Abdulhadi akavuta kiti karibu na shemeji yake, akapunguza sauti mpaka ikawa haifanani naye. "Na unapokwenda haja, inatoka kwa kukatika katika?"

"Ndiyo."

"Kula mbegu za maboga," alisema Abdulhadi. "Mie zinanisaidia."

"Mbegu za maboga si kitu," alisema Mwalimu Theonest. "Kuna gome la mti fulani kwetu. Unalichemsha. Nina lingine nyumbani, nitakuletea."

"Habasoda na asali je?" Matar akauliza.

"Nilijaribu," alisema Abdulhadi. "Inaunguza tumbo."

Hamdiya alijifuta machozi, akawasikiliza wanaume watatu wazima waliokuja kuhukumu zinaa, sasa vichwa vyao vimekutana kama wapishi wa pilau wanaogombea chumvi. Akainuka.

"Hakuna mtu atakayemchemshia mume wangu gome," akasema. "Kesho tunakwenda hospitali. Na hizo dawa zenu zote leteni, daktari azione."

*

Daktari aliitwa Lusungu, binti mdogo kuliko binti yao wa mwisho. Alipoona mvi za Matar akainuka nusu. "Shikamoo baba. Nini kinakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu." Matar akatazama dirishani. "Ninaumwa huku chini."

Daktari akainama akatazama miguu. "Inavimba?"

"Si chini sana."

"Magoti?"

"Panda kidogo."

"Mapaja?"

Matar akaanza kutoka jasho. Hamdiya aliyaona mashaka yake, akajua kwamba wakimwachia mwenyewe watatoka pale na dawa ya baridi yabisi. Akavuta pumzi.

"Daktari, mume wangu anaumwa tezi dume," akasema, wazi, kama anayetaja bei ya sukari. "Haja ndogo inamtoka kwa shida, akikaa anachomwa, usiku halali, na tukikutana kimwili anaumwa siku mbili. Ni miezi sasa."

Matar alifumba macho. Alipoyafumbua, ukuta ulikuwa bado umesimama. Daktari alikuwa anaandika tu, kama vile ametajiwa mafua.

Ikaja habari ya kidole. Matar akauliza kama hakuna daktari mwanamume. Yupo, alisema Lusungu, akatoka kumwita Daktari Godlisten, ambaye alipoingia ilimbidi ainamishe kichwa mlangoni. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabasamu. Lakini Matar hakuliona tabasamu. Aliitazama mikono, ambayo kila kidole kilikuwa na unene wa ndizi mzuzu.

"Hapana," alisema Matar. "Huyu binti anatosha."

Kipimo kilikuwa kifupi kuliko hofu yake. Baadaye, walipopata majibu ya mkojo, Hamdiya alipindua kapu lake mezani: mbegu za maboga za Abdulhadi, gome la Mwalimu lililofungwa gazetini, habasoda, pakiti nyingine ya unga wa Tabu ambayo Matar alikuwa ameificha, na mwisho vile vidonge vya akiba, nusu nusu, kila rangi.

Binti yule hakucheka wala hakukunja uso. Mbegu za maboga alizirudisha kwenye kapu. "Hizi kula, baba, ni chakula. Kama zinakufariji, sina ugomvi nazo." Gome aliligeuza geuza. "Miti mingine watu wameichunguza, ikaonekana inasaidia wengine mkojo kutoka. Lakini hili sijui ni la mti gani wala linachemshwa kiasi gani. Liache kwanza mpaka umalize matibabu, ili tukiona mabadiliko tujue yametokana na nini." Unga wa Tabu aliunusa, akasoma maandishi madogo, yale ambayo Hamdiya hakupata kuyaona: tezi dume, mkojo wa shida, maumivu ya kiuno, kisukari, mkosi. "Dawa inayotibu mpaka mkosi inanitia wasiwasi."

"Kwa hiyo mitishamba ndiyo iliyomwumiza?" aliuliza Hamdiya, ambaye bado alikuwa na kinyongo kidogo kilichotafuta pa kutua.

"Hapana, mama. Kibaya kuliko vyote ni hivi." Daktari akasukuma mbele vidonge vya dukani. "Hizi ni dawa zetu sisi wenyewe. Umezimeza nusu, ukaacha, ukarudia nusu. Wadudu wanapata nafuu kama wewe, wanarudi wakali. Sasa nitakupa utakazomeza mpaka mwisho, wiki kadhaa, hata ukijisikia mzima. Na nyingine ya kulegeza njia ya mkojo. Usikae sana, na jioni ukalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni."

"Mabeseni anayo," alisema Hamdiya. "Ya kila saizi."

"Na nitapona?" aliuliza Matar.

Daktari akaweka kalamu. "Utapata nafuu, hilo natarajia. Wengine wanapona kabisa, wengine yanawarudia wakichoka au wakiwa na mawazo. Sitaki kukuahidi kama pakiti ile."

Matar alilipenda jibu hilo kuliko alivyotegemea. Begi la Hamdiya lilikuwa limerudi juu ya kabati, na godoro la wageni limerudi kwa wageni.

*

Ikabaki Tabu.

Hamdiya alipika pilau, akaweka kwenye sinia, akafunika kwa kawa, akampelekea nyumbani kwake jioni, mtandio umeshuka mpaka machoni. Alimwomba radhi kwa moyo wote. Tabu alimkaribisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamrudishia sinia bila kulifunua.

"Mie nimekusamehe, dada, Mungu shahidi. Lakini ulinitukana barazani, leo waniomba radhi chumbani. Wateja wangu wako barazani."

"Nitawaambia ilikuwa makosa."

"Watakuuliza, basi mumeo alikuwa anafuata nini mlango wa nyuma? Utajibu nini?" Hamdiya akalitazama sinia. "Unaona. Ukisema kweli unamvua nguo yeye. Ukinyamaza nimevuliwa mie. Basi acha, mie nimezoea."

Hamdiya alirudi na pilau lake, akamweleza Matar kila neno. Mwisho akasema, "Sikulazimishi," na alikuwa hamlazimishi kweli. Ila pilau lile halikulika.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Matar hakwenda nyumbani. Hamdiya, aliyekuwa anamngoja kwenye kona wapitie duka la dawa, alimwona akivuka barabara kuelekea kwa Tabu, kwenye mlango wa mbele. Wanaume walikuwa wamesimama kwenye kahawa, wanawake wanachagua nyanya. Tabu alikuwa mlangoni peke yake, anafukuza nzi. Matar akasimama mbele yake, miguu imetanuka kidogo, akawageukia watu.

"Jamani," alisema, kwa sauti isiyofika ng'ambo ya barabara. Akaanza upya, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Jamani! Mie ndiye niliyekuwa naingia hapa mlango wa nyuma. Nilikuwa nanunua dawa. Naumwa tezi dume! Mkojo wangu hautoki! Huyu mama ameitunza siri yangu mpaka akatukanwa, na hana kosa lolote. Aliyekosa ni mie."

Nyanya zikabaki mikononi. Muuza kahawa alimimina mpaka kikombe kikafurika. Hapana aliyecheka. Wanaume kadhaa walitazama chini kwa namna ambayo wake zao, kama wangekuwa na akili siku ile, wangeiwekea alama.

Tabu alijifuta macho kwa upande wa dera. "Ahsante, Bwana Matar," akasema. "Umesema vizuri. Ila umepiga kelele mno. Sasa nani atathubutu tena kupita mlango wangu wa nyuma?"

"Wapite wa mbele," alisema mwanamke mmoja kwenye nyanya, akaweka kapu lake chini, akaingia dukani kuulizia hina.

Matar alivuka barabara kurudi alikokuwa mkewe. Hamdiya hakumpa pole wala hakumsifu. Alimtazama tu, mtu huyu aliyeshindwa kumwambia yeye maneno yote uani, na sasa ameitangazia Temeke nzima.

"Unaumwa?" akamuuliza.

Miezi yote ile swali hilo alikuwa analijibu kwa neno moja, hapana.

"Naumwa," alisema Matar. "Naumwa sana, Hamdiya."

"Basi twende polepole," alisema Hamdiya, akamshika mkono, mchana kweupe, mbele ya watu wote.